Uliponihesabia Chapati

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na baba watoto na wajukuu wangu. Mimi sijambo. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na jambo hili sitaki kukatizwa.

Ni kuhusu chapati, na hii pete niliyowekewa tumboni kwa upasuaji ili nishibe upesi na nipungue uzito. Siku ile ya Krismasi, mbele ya wakwe zako, nilipochukua ya tatu ulisema kwa ule upole wako unaouma kuliko makaripio: "Mama, hiyo pete haiwezi kufanya kazi peke yake." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Chapati nikaimaliza kwa ukaidi tu, na nilipokuwa kwenye matatu ya kurudi mjini nilikuwa nimeshaamini maneno yako: kwamba nimekula mkopo wako wa sacco, ule uliolipia upasuaji, tena kwa mchuzi.

Lakini nilikuwa na njaa, mwanangu. Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji, nusu chapati na chai ilinitosha hadi saa saba mchana. Wewe mwenyewe ulinipeleka Gikomba kutafuta nguo ndogo. Halafu, kuanzia Agosti, njaa ikaanza kunijia kama mdai: saa nne asubuhi iko mlangoni. Nikajilaumu. Nikaficha sufuria. Nikaacha kupanda kwenye mizani, maana mizani nayo ilikuwa imeanza kunisengenya.

Hii pete wewe umeiona kwenye picha tu, kwa hiyo nivumilie, ualimu haustaafu. Ni mkanda wa silikoni uliozungushwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ukaacha kijifuko kidogo juu yake. Upande wa ndani wa mkanda una puto mfano wa tyubu ya baiskeli. Kutoka hapo unakwenda mpira mwembamba hadi kwenye kitufe kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo. Hospitalini wanakiita poti. Daktari akitaka kukaza, anadunga poti na kuingiza maji ya chumvi, yale yale ya dripu. Akitaka kulegeza, anayavuta. Yangu ikijaa kabisa inabeba mililita 10, na mimi niliwekewa 5.5. Kijiko cha chai ni mililita 5. Basi fikiria: maji ya kijiko kimoja na matone machache ndiyo yaliyokuwa yakiamua kama nitakula nusu chapati au tatu.

Januari nikaenda Upper Hill bila kumwambia mtu. Daktari akanilaza, akaniambia niinue kichwa ili tumbo likaze, akaitafuta poti kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta kokwa ndani ya embe. Sindano yake ni ya aina yake, ncha haimegi utando wa mpira ulio juu ya poti. Akaanza kuvuta taratibu. Kwanza kikatoka kiputo cha hewa, kisha maji, kisha basi. Akainua sirinji kwenye mwanga wa dirisha. Nami nikahesabu mistari pamoja naye.

2.2.

"Mama, mara ya mwisho tuliweka ngapi?" Nikatoa daftari langu, lile la mistari ulilokuwa ukinicheka nalo. 5.5, Julai. Akakaa kimya, halafu akauliza kama kuna mtu mwingine aliyenijazia. Ndipo nikakumbuka. Mwezi ule yeye alikuwa safarini, nikaenda kwenye kliniki moja, wakanidunga mara nne kabla ya kuipata poti. Jina lake silitaji, kwa sababu ushahidi sina.

Akanieleza kwamba maji kupungua kidogo si ajabu. Silikoni haizuii maji kwa asilimia mia, kwa miezi mingi hupitisha kidogo kidogo. Tena viputo vya hewa vinaweza kuhesabiwa kama maji, sirinji hazilingani, na tone moja hubaki ndani ya sindano. Ikikosekana mililita 0.1 au 0.2, hakuna wa kushika tama. Na kuna wakati maji yapo yote lakini pete imelegea, kwa sababu mafuta yaliyolizunguka tumbo, huko huko ndani ya pete, yameyeyuka. Hilo nililielewa upesi. Pete yangu ya ndoa ilianguka kwenye karai la nguo mwaka huo huo, na haikuwa imepanuka hata kidogo. Ndiyo maana watu wenye pete hurudi kukazwa kila baada ya muda, hata kama hakuna kilichoharibika.

Lakini 3.3 haziyeyuki hivi hivi. Akajaza tena hadi 5.5, akanisimamisha ninywe glasi ya maji mbele yake aone kama yanashuka, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Siku za kwanza nilikuwa mtu mwingine. Vijiko sita vya maharagwe laini, nimeshiba. Wiki ya pili ikaanza kulegea, na niliporudi akavuta 4.7.

Wakanipeleka eksirei. Wakaingiza kwenye poti dawa inayoonekana kwenye picha, nami shingo nimeigeuza kwenye skrini kama mtoto kwenye dirisha la basi. Nikaiona dawa ikipita ndani ya mpira, na karibu kabisa na poti kikatokea kiwingu kidogo pembeni, kama wino kwenye karatasi mbovu. Ule mpira mwembamba ulikuwa umetobolewa na sindano iliyokosa poti. Kitundu ambacho macho hayawezi kukiona, mwanangu, ndicho kilichokula mkopo wako.

Nililia pale pale. Mhudumu alidhani naumia.

Sasa na mimi nikiri langu. Novemba nilikula aiskrimu, si mara moja. Pete haina habari na aiskrimu, wala chai ya sukari, wala mandazi yaliyolowekwa. Laini hupita hata ikiwa imekazwa sawasawa. Kwa hiyo hukukosea kabisa. Ulikosea hesabu.

Daktari alinipa nafasi ya kuitoa pete kabisa na kufanyiwa ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo, maana ndio madaktari wengi wanaoupendelea siku hizi. Nimekataa kwanza. Pete hii nimeizoea, na kuna jambo moja alinieleza likanipa kiburi cha ajabu: aliyeweka pete ya kukazwa kwa mara ya kwanza kupitia matundu madogo, bila kufungua tumbo zima, ni daktari mzaliwa wa Ethiopia, Mitiku Belachew, akiwa mjini Huy, Ubelgiji, mwaka 1993. Jirani yetu kabisa! Marehemu baba yako angelitangaza mtaa mzima.

Kwa hiyo walibadilisha poti na kipande cha mpira tu, pete yenyewe hawakuigusa. Nililazwa asubuhi, jioni nikawa nyumbani. Kaka yako ndiye aliyenisindikiza, na nilimkataza kukwambia. Hapo ndipo nina kosa, nisamehe. Nilitaka kwanza niwe na namba mkononi kabla sijasimama mbele yako, na hilo ni jambo baya kwa mama kulifikiria juu ya mwanawe.

Kidonda kilipopona akaanza na mililita 3. Anaenda polepole, na nakuomba usinihimize ikazwe sana ili uzito uishe haraka. Unakumbuka usiku ule wa mwaka wa kwanza, uliponikuta na beseni, hata mate hayashuki? Wewe ndiye uliyeendesha gari usiku kucha ukisoma Zaburi kwa sauti. Nusu mililita tu walivuta, nikapumua. Sitaki turudi huko. Nikiona natapika kila siku, au kiungulia na kikohozi kinaniamsha usiku, nitakwenda kulegezwa, hata kama mizani haijasogea.

Alhamisi ijayo ni zamu ya kujaza tena, saa tatu asubuhi. Ukipata ruhusa kazini, njoo. Atavuta kwanza apime, na nataka uwe umesimama upande wa dirisha usome mistari mwenyewe, kabla sijakwambia nilichoandika kwenye daftari.

Jumapili inayofuata leteni watoto. Nitapika chapati kumi na mbili. Mimi nitachukua nusu, na hiyo nakuruhusu uihesabu.

Ni mimi mama yako.