Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Ukucha Ule

Mdogo wangu,

Ninakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na shangazi amenidokeza kwamba huko uliko unasoma kila ninachoandika. Mama hajambo. Mwembe wa uani umezaa sana, na bado anakuwekea fungu lako mpaka linaoza.

Nianze na mzee wako wa India, Shridhar Chillal wa mji wa Pune, ambaye picha yake uliibandika juu ya kitanda chetu. Ulinisimulia mara ngapi kwamba aliacha kukata kucha za mkono wa kushoto mwaka 1952, akiwa mwanafunzi, baada ya kuuvunja kwa bahati mbaya ukucha mrefu wa mwalimu wake na kugombezwa kwamba mtu kama yeye hawezi kujua uangalizi unaotakiwa? Sehemu hiyo uliipenda. Hukupenda kusikia kwamba alipozikata huko New York mwaka 2018, zikiwa na jumla ya sentimita 909.6, mkono wenyewe ulikuwa umekwisha kupooza, haukunjuki tena.

Nilikuambia. Baba naye alikuambia, kwa upole wake, kwamba kucha hazipitishwi siku 40, nawe ukiwa umekaa barazani unazipaka mawese moja baada ya nyingine, ukamjibu kwamba jina la Ujiji litaingia katika kitabu cha Guinness. Akacheka. Kicheko kile ukakifanya ruhusa.

Siku ya mazishi tulimwosha pasipo wewe, maana uliogopa kumparuza, na hilo nililielewa. Lakini walipoitwa watoto wa marehemu washuke kaburini kumpokea baba yao, mimi nilishuka, na wewe ukarudi nyuma hatua moja, mkono wa kushoto umeuficha ndani ya kanzu. Akashuka jirani mahali pako. Jirani, mdogo wangu! Nilipoinua macho kutoka mle shimoni nilikuona ukiitazama mikono yake, mikono ya mvuvi, ikiishika miguu ya baba.

Ndiyo maana usiku wa tatu, baada ya hitima, nilichukua mkasi wa cherehani wa mama. Niliukata mmoja tu, wa dole gumba, nao ulikuwa mkavu, ukatoa mlio kama kijiti cha kuni, wala hukuamka. Wanaosema nilifanya kwa hasira hawajui uzito wa kuachiwa nyumba. Tena hesabu ilikuwa upande wangu: ukucha hurefuka kama milimita tatu kwa mwezi, na Chillal alisubiri miaka 66. Wewe ulikuwa na minne. Ningekuacha uzeeke hivyo, hujui kufunga kifungo cha shati lako, ili nionekane kaka mwema? Ningerudishwa usiku ule, ningefanya vilevile, ila pengine ningekuamsha kwanza.

Alfajiri uliutazama mkono, ukazikata nne zilizobaki kwa mkasi uleule, ukatawadha, ukaswali nyuma yangu, kisha ukaenda stesheni bila kuniaga.

Ule wa dole gumba sikuutupa. Umo ndani ya kikasha cha miwani ya baba, na rangi ya mawese haijautoka. Niliupima kwa uzi, nikiufuata mkunjo wake wote: sentimita 14 na nusu.