Nafunga mlango wa mume wangu kila usiku

Shikamoo shangazi.

Nina miaka 43, mume wangu 71. Alikuwa mwalimu wa historia, na alinichumbia kwa hadithi za Wagiriki wa kale. Aliyoipenda zaidi ni ya Odysseus, shujaa aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka vitani: miaka saba kisiwani Ogygia, mungu wa kike Calypso akimwahidi kwamba hatakufa wala hatazeeka, naye akakataa. Odysseus alikiri kwamba mkewe Penelope hamfikii Calypso kwa uzuri, ila alitaka kwenda nyumbani. "Alichagua mke atakayezeeka," mume wangu alikuwa akisema, nami moyo ukalainika.

Miaka mitatu iliyopita alipata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, kisha kumbukumbu zikaanza kuvurugika. Anaongea usiku kucha: majina ya wanafunzi wake, nauli za basi za enzi hizo, mama yake. Mimi naamka saa tisa usiku kupika vitumbua, na hivyo ndivyo vinavyonunua dawa zake. Mwezi wa tatu nilimhamishia chumba cha uani. Nikienda kulala, natia komeo.

Tangu hapo hadithi nyingine aliyonisimulia hainitoki kichwani. Eos, mungu wa alfajiri, alimpenda Tithonus, mwana wa mfalme wa Troy. Akamwomba Zeus, mfalme wa miungu, amjalie asife, akasahau kumwombea ujana. Mvi za Tithonus zilipotokeza, Eos aliacha kulala naye, ingawa aliendelea kumlisha na kumvika nguo nzuri. Alipofika pa kushindwa hata kuinua mkono, Eos alimlaza chumbani akafunga milango, na sauti ikabaki humo ndani ikitiririka bila kukoma. Wasimulizi wa baadaye walisema aligeuka nyenje.

Mume wangu alikuwa akisema kosa la Eos ni lile ombi pungufu. Mimi sasa naona kosa ni mlango. Chakula alimpa, mavazi alimpa, sawasawa na ninavyofanya mimi.

Wifi yangu anataka kumchukua akakae naye kijijini. Nyumba yake ina watu wengi, hakosi wa kukesha naye. Mama yangu ananisihi nikubali, wanangu wawili wanalia nikitaja tu. Nami, shangazi, kinachonitesa ni kwamba komeo likiingia napata nafuu, halafu nakaa chini palepale nje ya mlango namsikiliza.

Juzi alinyamaza ghafla, akaniita kwa jina langu. Hajaniita hivyo tangu Ramadhani. Mikono ilinitetemeka, komeo likakataa kutoka upesi. Nilipofungua, alisharudi kwenye nauli za basi.

Nikimpeleka kwa dada yake, nitakuwa nimemtupa? Au nimrudishe chumbani kwangu, na kama ni hivyo, usingizi wa kunifikisha kwenye jiko la vitumbua nitaupata wapi?

Mke wa mwalimu