Kosher si baraka ya rabi

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vyakula na dini niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye aya ya kosher, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria ya dini ya Kiyahudi. Mwandishi alieleza kwamba kosher ni "halali ya Wayahudi", na kwamba rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, hukiombea chakula dua ndipo kikaruhusiwa kuuzwa. Nimefanya kazi miaka 14 katika idara ya ubora ya kiwanda cha makadamia hapa Thika, kiwanda chenye cheti cha kosher, na sijamwona mkaguzi hata mmoja akiliombea gunia. Naomba nafasi nisahihishe, maana kosa hilo linaweza kumponza msomaji.

Tuanze na sahani. Nyama ya ngamia inayoliwa Isiolo na Garissa ni halali kwa Mwislamu, lakini Mambo ya Walawi sura ya 11 inamkataza Myahudi kuila, kwa kuwa ngamia hucheua lakini hana kwato zilizopasuka. Pweza, kamba na kaa wanaopikwa kwa nazi kuanzia Lamu hadi Unguja hawagusi kabisa, maana kiumbe wa majini sharti awe na mapezi na magamba. Jirani zetu Wasabato, ambao huishika sura hiyohiyo, hawahitaji maelezo marefu: kambale hafai. Tukigeuza upande wa pili, divai ya kosher ni divai yenye kileo, na Myahudi huisomea kidua cha kuikaribisha Sabato. Waislamu wetu walioko ughaibuni, wanaochukua kitu dukani kwa kuona tu alama ya kosher, wanastahili kuambiwa wazi kwamba alama hiyo haizungumzii kileo hata kidogo. Kuhusu nyama yenyewe, kauli ni ya masheikh, si yangu.

Kuna na jambo ambalo halali haina mfano wake: kutenganisha nyama na maziwa. Torati inarudia mara tatu amri ya kutomtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na marabi wakaizungushia ua mpana. Hata kuku haliwi pamoja na maziwa. Aliyekula nyama hungoja, wengi wao saa sita, ndipo aguse chai ya maziwa. Jikoni huwa na sufuria, visu na masinki ya aina mbili, kwa sababu chombo kilichopika kwa moto huhesabiwa kuwa kimeunywa mchuzi wake. Chuma hutakaswa kwa maji yanayochemka. Chungu cha udongo hakitakasiki. Mama yeyote aliyewahi kuchemshia maziwa kwenye chungu kilichopika samaki jana anaijua sababu hiyo kwa pua yake mwenyewe.

Niliielewa sheria hii vizuri siku ambayo mkaguzi alitukuta na kosa. Huja bila taarifa. Hakwenda kwenye mashine. Aliomba funguo za stoo. Akapita pipa hadi pipa akilinganisha jina la mafuta, jina la mtengenezaji na karatasi aliyokuja nayo, herufi kwa herufi. Kwenye magunia ya viungo akasimama. Gunia lilikuwa na jina lilelile la siku zote, "kikolezo cha vitunguu", ila idara ya ununuzi ilikuwa imepata muuzaji mwingine wa bei nafuu, na hakuna aliyeniambia. Akainama, akafuta vumbi kwa kiganja, akanionyesha mstari wa chini wenye maandishi madogo: unga wa maji ya jibini. Maziwa. Na ngoma ya mashine iliyokorogea makadamia ya vitunguu zikiwa bado moto ndiyo hiyohiyo tuliyotumia kwa makadamia ya chumvi, ambayo pakiti zake zilimwahidi mnunuzi kuwa ni parve, yaani hazina nyama wala maziwa.

Hakupandisha sauti. Aliagiza ngoma isafishwe, ikae saa 24 bila kazi, kisha ichemshwe kwa maji yanayotokota yeye akiwa pale. Pakiti zilizokwisha kufungwa zilizuiwa. Nilisononeka, lakini nikiwa nyumbani nilijiuliza swali lililonikera zaidi: mtoto anayedhurika na maziwa angekula zile makadamia akiamini maandishi yetu, na ni nani mwingine angegundua?

Ukali huo una historia. Mwaka 1935 Rabi Tobias Geffen wa Atlanta, mji ilikozaliwa Coca-Cola, alipewa na kampuni orodha ya viambato vya kinywaji hicho kwa sharti la kutunza siri. Akakuta gliserini iliyotokana na mafuta ya wanyama, kiasi kidogo mno, kama sehemu moja kwa elfu. Sheria ya Kiyahudi inajua kusamehe: kitu kilichoanguka kwa bahati mbaya katika chakula kinachokizidi mara 60 kwa kawaida huhesabiwa kimepotea. Lakini gliserini haikuanguka. Iliwekwa kwa kusudi, kwa hiyo haikusameheka. Kampuni ikabadili, ikatumia gliserini ya mimea.

Mwandishi wenu aligusia pia kwamba ada ya cheti ni kodi wanayotozwa watu wote kwa siri. Si kweli. Ni ada ya ukaguzi, kama tunavyolipia ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kampuni isiyotaka cheti hailazimishwi na mtu.

Neno la mwisho kuhusu picha mliyoweka pembeni ya makala, herufi K tupu. Nchini Marekani herufi moja kama hiyo haisajiliki kuwa alama ya biashara, hivyo mtengenezaji yeyote anaweza kuichapa bila kukaguliwa na mtu. Herufi U iliyo ndani ya duara, ambayo iko kwenye pakiti nyingi za biskuti na nafaka za Kimarekani, ni alama iliyosajiliwa ya Orthodox Union, muungano wa masinagogi ulioanzishwa 1898, na una mamlaka ya kumshtaki anayeiiba. Ikifuatwa na herufi D, chakula kina maziwa, au kimepita kwenye mashine ya maziwa. Ikifuatwa na P, kinafaa kwa Pasaka ya Kiyahudi. Huko New York mahakama ya rufaa iliifuta mwaka 2002 sheria ya 1915 iliyoifanya serikali kuwa mwamuzi wa nini ni kosher, na sheria iliyofuata, ya 2004, inamtaka muuzaji atangaze ni nani aliyemthibitishia.

Naomba toleo lijalo lisahihishe aya hiyo na libadilishe picha hiyo. Wenye maduka hapa mjini hukata kurasa zenu na kuzibandika ukutani, na K ile nimeshaiona imebandikwa mahali pawili.

Msomaji wenu,
Thika