Msitulaumu wazee kuhusu bima kabla ya kupiga hesabu

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mzee anayelipiwa hospitali kwa harambee ni mzee aliyezembea kununua bima ya kibinafsi angali na nguvu. Nilifundisha Hesabu katika shule za sekondari za Taita Taveta hadi nilipostaafu nikiwa na miaka 60, kwa hivyo naomba nimjibu kwa hesabu.

Alipokuwa na nguvu, mzee huyo huenda alikuwa na bima ya mwajiri, na bima hiyo hukoma anapostaafu. Hapo ndipo karani au mwalimu anaanza kutafuta yake, katika umri ambao kampuni nyingi hazipokei tena mwanachama mpya au humpokea kwa bei ya juu. Bima za kazini za watoto wetu nazo mara nyingi humtambua mke au mume na watoto. Mzazi hayumo.

Mume wangu ana miaka 68, ana presha na kisukari. Ajenti alitujia hapa Voi na kijitabu chenye picha ya wazee wawili wenye meno meupe kuliko ya wajukuu wangu, na tarakimu moja kubwa: 500,000, yaani kikomo cha juu cha kulipiwa. Malipo ni shilingi 62,000 kwa mwaka, tena kwa mkupuo, kwani sheria ya bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Ni bima ya kulazwa tu. Nyuma kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani, ndipo palipoandikwa kwamba maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga hayalipiwi mwaka wa kwanza, na kuanzia mwaka wa pili yana kikomo chao cha 150,000 ndani ya zile 500,000.

Sasa tupige hesabu. Mwaka wa kwanza unatoa 62,000, na sukari ikimpandisha kitandani unalipa mwenyewe. Mwaka wa pili unatoa 62,000 nyingine. Umeshatoa 124,000 ili ufikie nafasi ya kulipiwa 150,000, tena iwapo atalazwa. Kwa ugonjwa wenyewe unaomsumbua, ile 500,000 ya kwenye jalada haipo.

Nilipomuuliza ajenti, alinihurumia. "Mwalimu, hapo kwa presha andika hapana." Ushauri huu wazee wengi wameupata, na ni hatari kuliko kukosa bima. Mkataba wa bima hutegemea kusema kweli. Kampuni ikikuta kwenye faili ya hospitali kwamba mzee amekuwa akimeza dawa za presha kwa miaka, inaweza kukataa dai na hata kuuvunja mkataba. Kamisheni ya ajenti huwa imeshalipwa zamani.

Sisemi bima hizi hazina kazi. Tulinunua moja, ya kampuni nyingine, na fomu ikajazwa kila kitu. Niliitaka kwa ajili ya nyonga. Mzee akiteleza bafuni akavunjika, hilo si gonjwa alilokuja nalo, na upasuaji wake unaweza kumeza kiinua mgongo chote. Bima ya matibabu bila kulazwa tuliiacha, kwa sababu malipo yake yalikaribia kiasi ambacho dawa na vipimo hutugharimu kwa mwaka. Fedha hizo zinakaa kwenye sacco.

Na SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, hatukuiacha. Ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa serikali, NHIF, Oktoba 2024, haina umri wa kufungiwa mlango, wala haimtozi mtu zaidi kwa kuwa ana kisukari. Kwa wasio na mshahara, mchango hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima. Malalamiko juu yake ninayo, nitayaandikia barua nyingine. Lakini mkataba wetu wa kibinafsi unasema wazi kwamba sehemu ambayo SHA ingelipa, kampuni haiigusi. Anayeacha kulipia SHA akidhani bima ya kibinafsi inamtosha atadaiwa pengo hilo kwenye dirisha la hospitali, siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Ninaiomba Mamlaka ya Kudhibiti Bima iagize kila kijitabu cha bima ya wazee kionyeshe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kama za ile 500,000, mambo haya: kikomo cha maradhi ya zamani, muda wa kungoja, umri ambao mkataba hautahuishwa tena, na nani anaamua malipo yapande kiasi gani mwakani. Hilo la mwisho sikulipata katika kijitabu hata kimoja.

Pia nimesikia kwamba kikundi kikubwa kinaweza kujadiliana na kampuni ikaondoa muda wa kungoja, jambo ambalo mtu mmoja hapewi. Kama kuna chama cha wastaafu ambacho kimenunua bima ya namna hiyo kwa wanachama waliopita miaka 65, tafadhali kituandikie hapa: mlikuwa wangapi, mlitozwa kiasi gani kwa kila kichwa, na mwaka wa pili bei ilipanda hadi wapi.

Mwalimu mstaafu,
Voi