Kabla Hujatia Sahihi, Mwanangu

Asalaam aleikum mwanangu,

Barua ya ajira uliyonitumia nimeisoma yote, pamoja na kile kijitabu chao cha sera. Hongera. Kazi ya ofisini Mokowe, ng'ambo ya bara, asubuhi unavuka na jioni unarudi kulala Amu, Lamu mjini, kwa wazazi wako, tena kwa kampuni yenye matawi nusu ya dunia, si kitu cha kubeza. Baba yako alinipigia simu akashindwa hata kumaliza sentensi kwa furaha.

Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wa Lamu na wa huku Malindi wananiuliza hayo hayo, na vidole vyangu vimechoka na WhatsApp. Jina lako silitaji, wala la kampuni.

Nianze na ule ukurasa ulioupigia mstari, wenye kichwa "Tunawajali watu wetu". Siku 21 za likizo kwa mwaka. Miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, wiki mbili kwa baba. Siku moja ya mapumziko kila wiki. Bima ya kuumia kazini. Mchango wa pensheni wa asilimia 6. Peslipu kila mwezi. Ukaniandikia, "Shangazi, hawa watu wana roho safi."

Mwanangu, hayo yote ni sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inamdai hayo hata mwenye duka la vitambaa pale Langoni mwenye msaidizi mmoja. Bima ya kuumia kazini inatoka kwenye Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ni ya 2007. Mchango wa asilimia 6 ni wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kampuni imechukua deni lake ikaliita sadaka, kisha ikajivika kilemba cha ukoka. Sisemi ni watu wabaya. Kuna waajiri wengi hapa pwani ambao hata hilo deni hawalipi, kwa hiyo anayelipa kwa wakati ana heshima yake. Ila usimshukuru mtu kwa kukurudishia chako.

Nimekaa kwenye ofisi ya mishahara ya hoteli hapa Malindi miaka mingi, kwa hiyo mimi barua ya ajira naisoma kwa kuanzia peslipu. Chukua mshahara wako wa shilingi 45,000 kabla ya makato. NSSF watakukata 2,700, na wao wataongeza 2,700 kutoka mfukoni mwao. Ada ya nyumba, ile ya serikali ya nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5, yaani 675, nao wataweka 675. Bima ya afya ya jamii, hii iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, mwaka 2024, ni asilimia 2.75, sawa na 1,237 na senti hamsini. Hapa sikiliza vizuri: mwajiri haongezi hata ndururu. Yote ni yako. Kisha kodi ya mapato.

Kukatwa ni jambo moja, pesa kufika ni jambo lingine. Makato ya NSSF ya mwezi yanatakiwa yawe yamewasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Namjua mpishi wa hoteli moja ya ufuoni, nisiyoitaja, ambaye peslipu zake zilionyesha NSSF kila mwezi, na alipokwenda kuangalia akiba yake akakuta miezi chungu nzima haipo. Kampuni kubwa huwa hazina mchezo huo, kwa kuwa wakaguzi wao wa hesabu hawalali. Hata hivyo, fungua akaunti yako ya NSSF kwenye simu uwe unachungulia. Ni bure.

Sasa tuje kwenye zawadi za kweli, maana zipo.

Ya kwanza ni bima binafsi ya matibabu. Sheria haiwalazimishi, na kwa sababu ile ya afya ya jamii unajilipia peke yako, hii ni nyongeza halisi. Lakini bima husomwa kwa ramani. Kadi inayopokewa Nairobi na Mombasa itakufaa nini usiku wa manane ukiwa Amu? Uliza kwa jina ni hospitali gani ndani ya kaunti ya Lamu inapokea hiyo kadi. Uliza kama wanalipia ndege ya wagonjwa kutoka uwanja wa Manda, na nani anaruhusu: daktari aliye mbele yako, au mtu wa bima anayejibu simu mjini? Uliza pia wazazi. Mikataba mingi ya aina hii huhesabu familia kuwa mume, mke na watoto, basi. Kwetu familia ni nyumba nzima, na mama yako na pumu yake ndiye atakayeihitaji kabla yako. Wakisema wazazi wanaongezwa kwa malipo, waulize kiasi gani.

Ya pili ni siku za ugonjwa. Hapa sheria yetu ni bahili: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, unapata angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Kwao nimeona siku 30 kamili. Hiyo ni zawadi, ihesabu.

Uzazi, kwao, si zawadi. Najua hujaolewa na hutaki nikuulize, sikuulizi. Ila kuna kampuni za kimataifa zilizoamua kuwa na kiwango kimoja kwa nchi zote badala ya kujificha nyuma ya sheria ya kila nchi. Mwaka 2015 Vodafone ilitangaza wiki 16 za mshahara kamili kwa mama popote inapofanya kazi, na akirudi, miezi sita ya kwanza anafanya saa 30 kwa wiki huku akilipwa za wiki nzima. Kampuni yako inasema "kwa mujibu wa sheria za nchi husika". Maana yake wenzako wa makao makuu Ulaya wanapata chao, nawe unapata kiwango cha chini cha Kenya. Si haramu. Lakini wanapoandika kwamba wafanyakazi wote ni familia moja, ujue kuna mtoto wa kambo.

Ile simu ya ushauri nasaha ya saa 24 ni jambo jema pia. Waulize tu atakayepokea anajua Kiswahili.

Kuna moja hukulipigia mstari nami limenisimamisha: "Kampuni itatoa usafiri wa boti kwa wafanyakazi." Boti ni ya nani? Sheria ya fidia inatambua ajali ya njiani pale mwajiri anapokusafirisha bure kwa chombo alichokiweka makusudi, kikiendeshwa na yeye au mfanyakazi wake. Kama boti ni ya kukodi na nahodha si wa kampuni, taka maandishi kwamba bima yao inamhesabu abiria aliye majini. Na maboya ya kujiokolea yawe idadi ya watu, si yale mawili yaliyofungwa kwa kamba chini ya kiti. Kusi likivuma unalijua vizuri kuliko meneja wao.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wewe hukuajiriwa kuwa karani tu. Barua inasema idara ya ununuzi, na nyuma kabisa ya kijitabu, baada ya picha za watu wanaocheka, kuna sehemu ndogo kuhusu "wasambazaji na makandarasi". Wengi hawafiki huko. Wewe ndiyo itakuwa meza yako.

Walinzi wa getini, wafagizi, wapishi wa kantini, manahodha na vibarua wa kupakua hawamo kwenye ule ukurasa wa "watu wetu". Wameajiriwa na kandarasi. Wanavaa koti lenye nembo ile ile, wanaingia geti lile lile, lakini kadi ya bima hawana. Hivi ndivyo kampuni kubwa zinavyofanya kazi siku hizi: nembo kwao, jasho kwa mwingine. Dunia ililizindukia hili kwa msiba. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh, likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kampuni za Ulaya na Marekani ambazo hazikuwa zimewaajiri moja kwa moja. Miaka miwili kabla, mwaka 2011, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshakubali mwongozo unaosema kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki za watu hata katika mnyororo wake wa wasambazaji. Ufaransa ikatunga sheria mwaka 2017, na ya Ujerumani ikaanza kutumika 2023. Ndiyo maana kijitabu chako kina hiyo sehemu. Haikuandikwa kwa mapenzi peke yake.

Na Lamu si wageni wa hoja hii. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wetu zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa walichopoteza kwa ujenzi wa bandari. Mwaka uliofuata mradi wa umeme wa makaa ya mawe ukafutiwa leseni ya mazingira, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi wale hawakudai kwa barua ya ajira: haki haiishii kwa walioajiriwa.

Nikuonyeshe unavyoweza kuona ukweli bila kutoka kwenye kiti. Kandarasi wa ulinzi ataleta bei yake: geti moja, usiku na mchana, zamu za saa 12, walinzi wawili. Bei nafuu, bosi atafurahi. Wewe chukua kalamu. Zamu mbili kwa siku ni zamu 14 kwa wiki. Mlinzi mmoja akipumzika siku moja kama sheria inavyotaka, hawezi kufanya zaidi ya 6. Wawili ni 12. Zamu mbili zinabaki bila mtu. Kwa hiyo ama yupo mlinzi wa tatu ambaye hajaandikwa, ama hawa wawili hawana Ijumaa wala Jumapili mwaka mzima. Hapo bado hujagusa ovataimu. Gawanya bei kwa watu watatu, toa NSSF, ada ya nyumba, bima ya kuumia kazini, sare na faida ya kandarasi, halafu linganisha kinachobaki na kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali. Kama hakifiki, kampuni yako imenunua uvunjaji wa sheria kwa bei ya jumla, na sahihi iliyo chini ya hati ni yako.

Waangalie na vibarua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ujanja unaotumika pwani nzima ni kumsimamisha siku chache kisha kumrudisha. Ukiona majina yale yale yanatoweka na kurudi kwenye orodha za malipo, umeshaelewa.

Usiingie siku ya kwanza na bango, watakuona fitina. Jifunze kazi kwanza. Lakini hesabu ile ya zamu iweke kwenye jedwali la kulinganisha bei, safu moja tu, "idadi ya walinzi kwa geti". Bosi wa ununuzi anaweza kupuuza hotuba, jedwali lililokwenda kwa wakaguzi hawezi.

Wametaka sahihi kabla ya Ijumaa. Maswali ya hospitali, ndege, wazazi na boti waandikie leo kwa barua pepe, si kwa simu, ili majibu yabaki. Muda wa majaribio hakikisha umetajwa kwa miezi. Chama cha wafanyakazi kama hakikutajwa popote, usitishike. Haki ya kujiunga iko kwenye kifungu cha 41 cha Katiba. Nakala ya mkataba yenye sahihi zote mbili ije nyumbani, na nyingine nipigie picha.

Nisalimie mama. Mwambie ile dawa ya pumu nimempa kijana wa basi la asubuhi, afuatilie Mokowe.

Shangazi yako,
Malindi