Historia ya Wathai haikuanzia pori tupu

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile makala ya Jumapili kuhusu Thailand ya kale imenishinda kuinyamazia. Eti Wathai walifukuzwa China na jeshi la Kublai Khan, mkuu wa Wamongolia, 1253, wakashuka wote kwa mkupuo, wakakuta pori halina mtu wakajenga Sukhothai. Halafu aya mbili mbele mwandishi huyohuyo anasema Sukhothai ilianza 1238! Sasa hao waliofukuzwa 1253 walijengaje mji miaka 15 kabla hawajafukuzwa? Hakuna mtu hapo ofisini aliyesoma hizo aya mbili kwa pamoja?

Hiyo hadithi ya kukimbizwa na Wamongolia wanahistoria walishaiacha zamani. Hao watu waliteremka polepole kutoka kusini mwa China na kaskazini mwa Vietnam, karne kwa karne, wakifuata mabonde na kulima mpunga, na huko walikoshukia walikuta wenyewe wapo. Nakhon Pathom walikuwepo Wamon, watu wengine kabisa siyo Wathai, enzi za Dvaravati, utawala wao wa kale, kuanzia karne ya 6. Lopburi, enzi hizo Lavo, walitawala Wakhmer, watu wa Kambodia, kutoka mji wao mkuu wa Angkor. Kwenye kuta za hekalu lao la Angkor Wat zenyewe wamechongwa askari wa Siam, jina la zamani la Thailand, wanatembea na jeshi la Wakhmer, na hiyo ni karne ya 12, Sukhothai bado. Tena Pha Mueang, mmoja wa wakuu wawili wa Kithai waliomtoa gavana wa Wakhmer pale Sukhothai, alikuwa ameoa binti wa mfalme wa Angkor, na cheo alichopewa na mkwewe ndicho alichomvisha mwenzake alipomweka kuwa mfalme. Pori tupu liko wapi hapo?

Mimi nafanya biashara ya vito, Bangkok naenda sana, na safari moja nikapanda mpaka Sukhothai na kikundi cha watalii. Nikamwomba kiongozi wetu atupeleke Wat Phra Phai Luang, hekalu la kale lililo nje kidogo tu ya ukuta wa kaskazini. Akanijibu kule hakuna kitu, ni mawe ya Wakhmer, hayahusu historia ya Thailand. Nikaenda mwenyewe na baiskeli ya kukodi. Minara ilikuwa mitatu, umebaki mmoja, mawe mekundu yako wazi chini na juu bado yameshika mapambo ya chokaa, na umejengwa kabla Sukhothai haijapata mfalme wake. Nilikasirika siku ile, na nilipoona gazeti langu mwenyewe linaimba wimbo uleule wa yule kiongozi nikakasirika zaidi, maana yeye anauza safari lakini nyie watu wanawaamini, vijana wanakata kurasa zenu wanaweka kwenye faili za shule.

Na ile picha jamani. Mmeweka Angkor Wat mkaandika chini yake Ayutthaya. Angkor iko Kambodia! Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Wathai, ilianzishwa 1351 na ndiyo iliyoiteka Angkor 1431, kwa hiyo mmebandika jina la mtekaji juu ya nyumba ya aliyetekwa. Na hilo siyo jambo la mzaha: Januari 2003 watu walichoma ubalozi wa Thailand pale Phnom Penh baada ya gazeti la huko kuandika kwamba mwigizaji mmoja wa Kithai amedai Angkor Wat ni ya kwao, na mwenyewe akakana kabisa kusema hivyo.

Ninachoomba: chapisheni ramani mbili ukurasa mmoja, moja ya mwaka 1000 na nyingine ya 1300. Ya kwanza iwe na Lavo, Hariphunchai ya Wamon, Angkor na Pagan ya Waburma, ya pili iwe na Sukhothai na Chiang Mai ya mfalme Mangrai, iliyojengwa 1296. Mipaka msiichore kwa mistari iliyonyooka, haikuwepo. Na masahihisho ya picha yakae ukurasa uleule wa makala, siyo kule nyuma kwenye matangazo ya viwanja.

Msomaji wenu,
Arusha