Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wahitimu wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana shuleni kwetu. Barabara ya kuja hapa umeiona mwenyewe, hivyo hatutaizungumzia.

Klabu yetu ilianza na kompyuta mpakato 12 zilizokwisha kutumika, msaada wa wafadhili. Zilikuja na programu za kulipia. Mwaka ulipoisha leseni nazo zikaisha, virusi vya kwenye flashi vikamalizia kazi, na mashine zikafungiwa stoo pamoja na magunia ya maharage. Aliyezitoa huko ni mwalimu wetu wa fizikia. Alipakua mjini Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, akarudi nao kwenye flashi moja, akatufundisha kuuingiza. Kompyuta ya kwanza ilitumalizia mchana mzima. Ya mwisho hata saa moja haikufika. Tisa zilifufuka, tatu tumezigeuza spea.

Mheshimiwa, programu hizi ni huria: hakuna leseni ya kulipia kila mwaka, na ukitaka kuzinakili au kuzibadili, ruksa. Tunaandika kwa LibreOffice, tunasoma Wikipedia bila intaneti kupitia Kiwix, na usiku bweni zima hugombania Stellarium kutazama sayari. Wala si mambo ya kigeni. Mwaka 2004, wengi wetu hatujazaliwa, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili.

Hata hivyo hatukuja kuomba kompyuta mpya. Mradi wa One Laptop per Child wa Marekani uliahidi kompyuta ya dola 100 kwa mtoto. Ilipoanza kuzalishwa mwaka 2007, bei ilikaribia dola 200. Peru waligawa mamia ya maelfu, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona alama za hisabati wala za lugha zikipanda. Sisi hilo halikutushangaza. Mwalimu wetu alipokwenda semina wiki mbili, kompyuta zote 9 zilikaa kabatini, maana funguo anazo yeye, na ujuzi anao yeye.

Ombi letu la kwanza, basi, ni mwalimu wa pili apelekwe mafunzo. La pili ni sola yenye betri, kwa kuwa betri za mashine zetu zimekufa na umeme ukikatika kazi yote inapotea. Adapta nne pia zinahitajika. Mbili kati ya tunazotumia zimefungwa kwa selotepu.

Na kama ofisini kwako kuna kompyuta chakavu zinazosubiri mnada, tukumbuke. Hata zisizowaka tunazipokea.

Tunaomba kuwasilisha.